UZI: Kufufua vani kuukuu kwa bajeti finyu (pima kwanza, spea baadaye)

GiaTano

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa vani za zamani: mlango wa kusukuma ubavuni, springi za majani nyuma, injini ya petroli au dizeli isiyo na kompyuta nyingi. Gari limesimama muda mrefu, au linatembea lakini kila wiki linadai kitu. Pesa ni kidogo na hairuhusu kukosea.

Kubahatisha kunamaliza pesa kuliko ubovu wenyewe. Altaneta inabadilishwa kumbe waya wa arthi umeliwa na kutu. Rejeta inabadilishwa kumbe kifuniko chake hakishiki presha. Pampu ya dizeli inafunguliwa kumbe upepo unaingia kwenye mpira uliochoka. Kwa hiyo kabla ya spea tafuta vya kupimia: multimita ya kawaida, geji ya kompresheni, taa nzuri, kioo kidogo chenye mkono, na bisibisi nene ya zamani. Hata vya kuazima vinatosha.

Bisibisi ndiyo inayoanza. Pandisha gari kwenye stendi, magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vigingi. Jeki ni ya kuinulia tu; sili yake ikiachia hupati onyo. Chokonoa sehemu ambazo springi za nyuma zinashikiliwa kwenye chasisi, kizingiti chini ya mlango wa kusukuma, ndani ya matao ya magurudumu, sakafu chini ya miguu ya dereva, mahali pa kuwekea jeki, na fremu ya kioo cha mbele kwenye kona za chini. Gonga pia kwa nyundo ndogo: bati zima linalia, bati lililooza linatoa sauti butu. Kama bisibisi inazama kwenye chasisi pale springi inaposhikwa, simama hapo. Usinunue hata plagi moja mpaka ujue kuchomelea kutagharimu kiasi gani, maana hiyo kazi peke yake inaweza kuzidi thamani ya gari.

Chasisi ikiwa nzima, nenda kwenye injini. Iliyosimama muda mrefu usiipige stata moja kwa moja. Toa petroli ya zamani, badilisha oili na filta. Fungua plagi zote (kwa dizeli, glo plagi, yaani plagi za kupashia joto), tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwenye kila silinda, kisha zungusha injini kwa spana kwenye nati ya krenki, raundi mbili kamili. Ikigoma usilazimishe, acha ilowe hadi kesho yake. Ikizunguka, piga stata ikiwa bado haina plagi mpaka taa ya presha ya oili izime. Tahadhari kwa dizeli: oili ikizidi haina pa kwenda ukishafunga, inaweza kupinda koneki rodi. Izungushe bila glo plagi mpaka iache kutema oili, ndipo ufunge.

Sasa kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya silinda. Injini iwe na joto, plagi zote nje, umeme wa plagi na mafuta vimekatwa, mtu akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho, piga stata geji ipande mara tano au sita. Petroli yenye afya husoma takribani bar 10 hadi 13, na silinda zisipishane zaidi ya bar moja hivi. Dizeli inataka geji yake, maana inasoma 25 hadi 30. Ikishuka chini ya 20 kuwaka asubuhi kunakuwa shida. Silinda ikisoma chini, tia kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, vali haifungi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi imekatika katikati yao.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyokuambia kama pesa iende kwenye injini au iende kwenye breki. Wenye uzoefu wa breki, kutu na umeme karibuni.

Bushi Mpya

Mkuu, taimingi belti (mkanda unaounganisha krenki na kemshafti) isiyo na ufa inaweza kuachwa kwanza, pesa iende kwingine?

GiaTano

Hapana. Mpira unazeeka hata gari likiwa limesimama, na belti inaweza kukatika huku juu inaonekana safi, kwa sababu nyuzi za ndani ndizo zinazochoka. Kwenye dizeli nyingi, na petroli nyingi pia, belti ikikatika pistoni inagonga vali. Hapo utakuwa unafungua hedi.

Ukifungua, badilisha belti pamoja na tenshona (kikaza belti) na beringi zake. Angalia sili ya mbele ya krenki na sili ya kemshafti, maana oili ikivuja inaloweka belti mpya ikaharibika mapema. Kama belti ndiyo inayozungusha pampu ya maji, shika pampu uitikise. Ikiwa na mchezo au alama ya maji kwenye tundu la chini, ibadilishe papo hapo kuliko kufungua kazi yote mara ya pili. Panga alama, kaza, kisha zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili kufuata mwelekeo wa injini na uangalie alama tena. Zikiwa zimehama jino moja, rudia. Usipige stata kabla ya hapo.

Vani yenye cheni haina belti hii, ila sikiliza mkwaruzo upande wa mbele ikiwaka ikiwa baridi. Ukiendelea zaidi ya sekunde chache, tenshona au miongozo ya cheni imekwisha.

Ngoma ya Nyuma

Nachukua breki. Fungua magurudumu yote manne. Usiridhike na mawili.

Mbele: pedi zikifika milimita 3 zibadilishe, pande zote mbili pamoja. Diski imechapwa unene wake wa mwisho ukingoni au kwenye kitovu, pima usikadirie. Pini za kalipa (kishikio kinachobana pedi kwenye diski) ziteleze kwa kidole. Nyingi zinagoma, na pini ikigoma pedi ya ndani inaisha huku ya nje bado nzima. Zisafishe, upake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira, baada ya miezi pini inakwama kuliko mwanzo. Pistoni ya kalipa ikiwa na vidonda vya kutu mahali inapopita sili, seti ya mipira peke yake haitasaidia; badilisha na pistoni.

Kosa linalokula pesa za watu hapa ni mpira wa breki uliovimba kwa ndani. Nje unaonekana mzuri, ndani umeziba, mafuta yanapita ukikanyaga lakini hayarudi. Gurudumu linabaki limeshika, linachemka, na mtu ananunua kalipa. Pima hivi gurudumu likiwa limekwama: legeza nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye mpira. Gurudumu likiachia, tatizo liko juu, kwenye master silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali) au fimbo ya pedali isiyo na nafasi ya kurudi. Lisipoachia, kaza, kisha fungua nipo (skrubu ya kutolea upepo) ya kalipa. Likiachia sasa, mpira ndio mbaya. Likiendelea kushika, ni kalipa au pini. Dakika kumi, spana mbili, hujanunua kitu bado.

Nyuma: fungua upande mmoja, mwingine uache ukiwa mzima uutazame wakati wa kurudisha springi. Vumbi la ngoma usilipulize kwa upepo wala kulipiga brashi kavu, bitana za zamani za shuu (vipande vinavyosugua ngoma) zinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe kwanza, futa kwa kitambaa, vaa barakoa, kitambaa kitupwe kikiwa kibichi. Inua kifuniko cha mpira cha wili silinda (silinda ndogo inayosukuma shuu). Ukikuta unyevu ndani, imekwisha. Shuu zilizolowa mafuta ya breki au oili ya difu haziokoleki kwa petroli wala msasa. Badilisha, lakini kwanza ziba mahali panapovuja. Skrubu za kurekebisha shuu zina nyuzi za kushoto na za kulia. Ukizichanganya, kila ukifunga breki shuu zinajilegeza badala ya kujisogeza.

Vani nyingi zina vali ya kugawa presha karibu na ekseli ya nyuma, imeunganishwa kwa fimbo inayofuata mzigo. Ikikwama, gari tupu linafunga magurudumu ya nyuma kwenye mvua, au gari lenye mzigo halipati breki ya nyuma. Mtu akikushauri uifunge kwa waya ibaki wazi, usikubali. Na ukiongeza jani kwenye springi, kipimo cha fimbo hiyo kinabadilika, kirekebishwe.

Mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu yabadilishwe yote kwa bomba la aloi ya shaba na nikeli, saizi inayotumika sana ni milimita 4.75, ncha zikunjwe mara mbili kwa kifaa chake. Kuunganisha kwa kipande cha mpira na klipu ni kifo. Presha ya breki ya ghafla inaupasua.

Bushi Mpya

Na kutoa upepo kwenye mfumo wa breki? Kuna pedali ambazo hazikazi hata baada ya chupa mbili.

Ngoma ya Nyuma

Anza gurudumu lililo mbali zaidi na master silinda, maliza na la karibu, ila kama kitabu cha gari lako kina mpangilio wake ufuate huo. Mpira mweupe unaoonyesha ndani, ncha yake izame kwenye mafuta ndani ya chupa. Lita moja inatosha kusafisha mfumo mzima wa vani ya kawaida.

Weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni. Kwenye gari kuukuu sehemu ya mbele ya master silinda haijawahi kupitwa na sili, kutu na uchafu vimekaa pale. Ukikanyaga hadi mwisho, sili inakwaruzwa, na ndiyo sababu master iliyokuwa nzima asubuhi inakufa jioni baada ya kutoa upepo.

Kisha soma pedali. Ikiwa laini kama sponji, upepo upo. Ikiwa chini sana lakini inapanda ukipampu mara mbili, shuu za nyuma ziko mbali na ngoma. Zirekebishe mpaka ngoma iguse kidogo tu ikizungushwa. Ikiwa ngumu halafu inazama taratibu ukiishikilia, na hakuna mahali panapovuja, master silinda inapitisha ndani.

Mafuta ya breki: DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika. DOT 5 ni ya silikoni, isikutane nazo kabisa. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni 155. Vani yenye mzigo ikishuka mteremko mrefu inaweza kufika huko, pedali ikaenda sakafuni bila kitu chochote kuvunjika. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana usiitumie.

Mchomeleaji

Kutu. Tofautisha kutu ya juu na iliyotoboa. Ya juu: brashi ya waya, msasa namba 80 mpaka uone chuma kinachong'aa, kisha dawa ya kugeuza kutu kwenye vishimo vidogo visivyofikika, halafu praima ya epoksi, halafu rangi. Iliyotoboa inakatwa. Puti na glasi faiba juu ya tundu la kizingiti zinashika maji kwa ndani na kukuza tundu, na mahali pa kubeba nguvu ni hatari.

Kata mpaka ufike bati lenye unene wake kamili. Ukichomelea kwenye bati lililobaki jembamba kama karatasi linatoboka mbele ya moto, unaongeza tundu badala ya kuziba. Sakafu na matao yanataka bati la milimita 1 hadi 1.2, kizingiti na mahali pa jeki 1.5. Tengeneza kiolezo kwa kadibodi kwanza. Kadibodi inakunjika na kukatwa bure, bati ukilikosea limekwenda.

Mashine ya kuchomelea ya MIG (inayolisha waya yenyewe) yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8 ndiyo inayofaa. Piga nukta, ruka upande wa pili, rudi katikati, acha bati lipoe hadi uweze kuligusa. Ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo mmoja linajikunja na kuzaa mawimbi yatakayodai puti kilo nzima.

Kabla ya moto: toa betri kabisa, chomoa plagi ya altaneta na ya kompyuta kama ipo, toa zulia na sponji za ndani, ondoa mabomba ya mafuta yaliyo karibu. Tanki la petroli lishushwe na kupelekwa mbali. Tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kizima moto na ndoo ya maji viwe karibu, na kaa saa nzima baada ya kumaliza ukikagua upande wa pili wa bati.

Mwisho ziba mishono kwa silanti ya bodi, na ndani ya kizingiti puliza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya asili. Yale matundu ya kutolea maji chini ya milango na vizingiti yaache wazi. Vani nyingi zimeoza kwa sababu aliyepaka rangi mara ya mwisho aliyaziba.

Msasa80

Naongezea na kidogo napingana. Kama pesa ya kuchomelea haipo mwaka huu, dawa ya kugeuza kutu pamoja na epoksi kwenye chasisi nzima bado ni kazi yenye faida, mradi hujaficha tundu. Dawa hizi nyingi ni za asidi ya fosforiki au taniki. Hufanya kazi kwenye kutu iliyoshika chuma. Kutu inayotoka kwa magamba lazima iondolewe yote, vinginevyo rangi inashika gamba na gamba linaondoka nayo. Nyingi hazitaki kupakwa juani, zinakauka kabla ya kufanya kazi.

Puti: kigumisho ni takribani asilimia 2 ya uzito. Kikizidi kinatoboa rangi baadaye kama doa, kikipungua puti haiivi. Usipite milimita 3, na isikae juu ya kutu wala juu ya rangi laini. Inanyonya maji, kwa hiyo usiisugue kwa msasa wa maji.

Mchomeleaji

Hapo tuko pamoja, mkuu. Ninachokataa ni kupaka lami nene chini ya gari kabla ya kutu kutolewa. Inaonekana nadhifu kwa msimu mmoja, kumbe chini yake maji yanatembea.

Injini Baridi

Wakuu, vani inachemsha mlimani. Fundi anasema thamostati itolewe kabisa. Ni sawa?

GiaTano

Usiitoe. Kwenye injini nyingi sahani ya chini ya thamostati huziba njia ya mkato ya maji injini ikipata joto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita rejeta, na kuchemsha kunaongezeka mlimani. Kwingine matokeo ni kinyume: injini haifikii joto lake, dizeli inaungua vibaya, ulaji wa mafuta unapanda, silinda zinaliwa.

Pima iliyopo. Imechapwa nyuzi zake, mara nyingi 82 au 88. Ining'inize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, isiguse chini. Ianze kufunguka karibu na namba hiyo na iwe wazi kabisa nyuzi kumi hadi kumi na tano baadaye. Ikirudishwa, kile kitundu chenye kijiti kikae juu ili upepo utoke.

Halafu fuata mpangilio huu, kutoka rahisi kwenda ghali. Kifuniko cha rejeta: mpira ukiwa umepasuka, presha haishikwi. Kifuniko cha bar 0.9 kinapandisha kuchemka kwa maji hadi karibu nyuzi 118. Kikivuja, unarudi 100. Kava la feni: vani zenye injini chini ya viti zinapata upepo kidogo, kava na vile vipande vya mpira vinavyoziba pembeni mwa rejeta vikikosekana feni inazungusha hewa ileile ya moto. Rejeta yenyewe: osha mapezi kutoka ndani kwenda nje kwa maji ya presha ndogo, kisha safisha ndani kwa kuingizia maji kupitia njia ya chini. Injini ikiwa ya moto, pitisha mkono karibu na rejeta feni ikiwa imesimama. Pale penye baridi katikati ya joto pameziba. Klachi ya feni: injini moto, imezimwa, sukuma feni kwa mkono. Ikizunguka raundi kadhaa kwa wepesi, imekufa.

Vyote vikiwa sawa, pima gasketi ya hedi. Injini baridi kabisa, fungua kifuniko, washa. Mapovu yasiyokoma, au mpira wa juu wa rejeta unaokuwa mgumu kama fimbo ndani ya dakika moja au mbili kabla ya joto, ni kompresheni inayoingia kwenye maji. Hedi ikitoka ipimwe unyoofu kabla ya gasketi mpya, la sivyo unarudia kazi.

Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Hata mahali pasipo na barafu inahitajika, kwa ajili ya kutu na sili ya pampu. Maji ya bomba yanaacha chokaa ndani ya rejeta uliyotoka kuisafisha. Na kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa.

Waya Mwekundu

Umeme, kwa multimita tu.

Betri iliyopumzika usiku: volti 12.6 imejaa, 12.4 kama robo tatu, 12.2 nusu. Wakati wa stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, taa na feni ya ndani vimewashwa, isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikikaa chini ya 13.5, angalia mkanda kwanza, kisha kaboni za altaneta. Kaboni na regyuleta (kidhibiti volti) hubadilishwa peke yake kwa sehemu ndogo ya pesa ya altaneta nzima. Ikipita 15, regyuleta imekufa na itaua betri.

Stata ikizunguka kwa uvivu na betri imejaa, usinunue stata. Weka waya mweusi wa mita kwenye nguzo hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi volti 0.2 au 0.3, arthi ya injini ni mbaya. Fanya vivyo hivyo kati ya nguzo chanya na skrubu kubwa ya stata, isizidi 0.5. Arthi husafishwa hivi: fungua, sugua mpaka chuma king'ae pande zote mbili, funga, paka vaselini juu yake baada ya kukaza.

Betri inayokwisha gari likiwa limelala: weka mita kwenye ampea 10 kati ya nguzo hasi na waya wake, funga milango, subiri nusu saa. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Kwenye vani kosa hili mara nyingi ni taa ya ndani ya mlango wa kusukuma ambao swichi yake haifikiwi, au redio iliyoungwa na mtu asiyejali.

Taa hafifu: swichi ya zamani inabeba mzigo wote. Balbu mbili za wati 55 ni wati 110, zaidi ya ampea 9. Weka relei (swichi inayoendeshwa na umeme); namba za miguu zimechapwa juu yake. Mguu 30 unatoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15, waya wa milimita za mraba 2.5, 87 unakwenda kwenye taa, 86 unapata ule waya wa zamani wa taa, 85 arthi. Relei moja ya taa fupi, nyingine ya taa ndefu. Lakini pima kwanza: magari mengine swichi inakata upande wa arthi. Hayo 86 inaenda kwenye chanya na 85 ndiyo inayopokea waya wa swichi. Fyuzi ikiungua usipandishe namba. Fyuzi inalinda waya. Ukiweka 30 mahali pa 15, waya ndio utakaokuwa fyuzi.

Bushi Mpya

Spea za used, zipi za kuchukua na zipi za kuacha?

Ngoma ya Nyuma

Chukua milango, vioo, viti, taa, bampa, altaneta na stata ulizozipima, rimu, majani ya springi yasiyo na ufa, propela shafti. Acha mpira wowote wa breki, pedi na shuu, taimingi belti, mikanda ya usalama iliyowahi kubeba ajali, boljointi (kiungo cha mpira wa chuma) na tairodi (fimbo ya usukani). Kazi ya kutoa na kurudisha ni ileile, na sehemu yenyewe ikifeli unapoteza usukani.

Za usukani zipime gurudumu likiwa juu. Shika juu na chini utikise: mchezo ni beringi au boljointi au kingpini (pini ambayo gurudumu linageukia). Mwambie mtu akanyage breki; mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi au kingpini. Shika kushoto na kulia: mchezo ni tairodi au boksi ya usukani. Kumbuka aina nyingine za springi zinaibana boljointi, hivyo inabidi stendi iwe chini ya mkono wa chini ili mzigo uondoke.

Tairi: kwenye ubavu, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna namba nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Vani inataka tairi zenye herufi C baada ya inchi, na namba ya mzigo inayotosha. 106 ni kilo 950 kwa tairi moja. 91 ya gari dogo ni kilo 615. Saizi inaweza kufanana na rimu ikakubali, lakini ubavu hautabeba mzigo.

Msasa80

Dogo lenye uzito: moshi. Vani ni kama boksi, ikitembea hewa inavutwa kutoka nyuma kuingia ndani. Sili ya mlango wa nyuma ikiwa mbovu na ekzosi inavuja, moshi wenye kaboni monoksaidi unawafikia waliokaa nyuma bila harufu ya kuwaamsha. Weka kipande cha karatasi kwenye sili, funga mlango, vuta. Kikitoka kwa wepesi, sili imelala. Rudia hivyo kuzunguka mlango mzima. Bomba la ekzosi lipite ukingo wa bodi, lisiishie chini ya sakafu.

Mlango wa kusukuma ukishuka, angalia roli tatu: ya juu, ya katikati na ya chini. Ya chini ndiyo inayobeba uzito na ndiyo inayokwisha. Badilisha roli kabla ya kugusa bawaba na kufuli, maana kufuli linaonekana bovu kwa sababu mlango haufiki mahali pake.

Mchomeleaji

Bolti zilizokwama: oili ya gia boksi ya otomatiki nusu, asetoni nusu, tikisa kila unapotumia, iache usiku. Inawaka moto kirahisi, hivyo usilete moto wa kuchomelea karibu mpaka ikauke na kufutwa kabisa. Kabla ya kulegeza jaribu kukaza kidogo. Kutu ikivunjika kwa upande huo, itafunguka. Glo plagi za dizeli zifunguliwe injini ikiwa na joto, kidogo kidogo mbele na nyuma. Ikikatikia ndani ya hedi, kuitoa ni kazi ya siku nzima.

GiaTano

Gari likiingia barabarani mara ya kwanza, tembea bila mzigo. Kwenye kilomita 50 hadi 100 kaza tena nati za magurudumu kwa spana ya kipimo, namba iwe ya kitabu cha gari lako. Yu-bolti (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) kaza tena baada ya kilomita 500 hivi, maana majani yanajipanga na kuzilegeza. Yu-bolti iliyolegea inakata pini ya katikati na ekseli inahama. Gusa vitovu vya magurudumu yote kwa nyuma ya mkono kila ukisimama. Kimoja kikiwa moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, rudi kwenye kile kipimo cha mpira wa breki alichoeleza Ngoma ya Nyuma kabla ya kununua chochote.